Sitaha Nyeupe ya Halberdier

Askari wa zamu alimsimamisha Inspekta Reuben Maslin juu ya ngazi ya manowari Halberdier na kumwonyesha kitambaa cha kujifutia viatu.

"Nimeshajifuta kule chini," Maslin alisema.

"Ujifute tena, Afande. Amri ya Kapteni."

Wiki hiyo hiyo boila la manowari hii lilikuwa limepasuka ikiwa imefungwa gatini Portsmouth, na watu kumi na wanne wakachemshwa wakiwa hai chini ya sitaha hii. Huku juu bado kulikuwa na kitambaa cha viatu, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Maslin alikitazama, akamtazama yule askari, akajifuta. Askari hakuwa na kosa, naye alikuwa ametumwa tu.

Muda mfupi kabla ya hapo, Keziah Tull alikuwa amemdaka gatini. Mume wake, Jabez, alikuwa mchochea moto wa boila lile. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya wanamaji ng'ambo ya bandari, ngozi imembabuka kutoka kichwani mpaka kiunoni, na konstebo amewekwa kando ya kitanda chake kana kwamba angeweza kuinuka akimbie. Injinia mkuu wa manowari alikuwa amesema kwamba Tull, akiwa amelewa, alitundika chuma kwenye vali ya usalama ili mvuke upande haraka naye apate kusinzia. Mchana huu baraza la uchunguzi wa vifo lingeketi orofani kwenye baa moja karibu na lango la bandari, na wazee wa mji wangetoa neno lao. Wakimwamini injinia, Tull akipona anakwenda jela, na asipopona anazikwa na jina la muuaji.

"Bwana Inspekta, leo mke wa Coker amenimwagia maji ya vyombo mlangoni," Keziah alisema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana ya kufulia. "Mume wake na wangu walikuwa wanagawana tumbaku. Wake kafa, wangu kapona nusu, basi mimi ndiye mchawi wa mtaa."

"Jabez alikunywa usiku ule?"

"Alikunywa. Bia mbili, akarudi, akala samaki, akalala. Kama bia mbili zinalipua meli, mji huu ungekuwa umebaki shimo."

"Kwenye sanduku lake wamekuta chupa ya ramu."

"Imejaa au tupu?"

"Imejaa hadi shingoni."

"Sasa mlevi gani huyo anayetunza chupa imejaa?" Keziah alifoka. "Ile ni ramu ya mgawo wa wanamaji. Alikuwa anaiweka kidogo kidogo kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Waulize hao mabwana zako, wao walevi wa kwao huwa wanaweka akiba?"

Tangu jana chupa ile ilikuwa inamsumbua Maslin kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, ndani ya manowari, alishuka ngazi za chuma mpaka chumba cha boila. Kilikuwa kimeoshwa nusu. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, lakini kutani na juu ya mabomba majivu yaliyolowa mvuke yalikuwa yameganda na kukauka, ukoko wa kijivu kila mahali. Harufu ilikuwa bado ipo. Maslin alikuwa polisi wa muda mrefu na alizijua harufu nyingi, lakini hii ilimfanya apumulie mdomoni.

Injinia mkuu Ambrose Kellow alikuwa anamsubiri. Alikuwa mtu wa Cornwall, mwembamba, kola yake safi, kucha zake zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyekundu.

"Kitu chenyewe ndicho kile," Kellow alisema, akionyesha juu. "Kipo kama kilivyokutwa."

Juu ya mabaki ya boila, kwenye mkono wa vali ya usalama, kilining'inia kipande kizito cha chuma cha tanuri, kimefungwa kwa kitanzi cha waya.

"Hebu nieleze kama mtu asiyejua kitu," Maslin alisema.

"Mvuke ukizidi, vali inajiinua yenyewe, mvuke unatoka, boila linapumua. Ukiitundikia uzito, haijiinui. Boila halipumui. Basi, limepasuka."

"Mvuke usingekwenda kwenye injini?"

"Injini ilikuwa bado imefungwa. Tulikuwa tunamsubiri Admirali. Akague meli kwanza, ndipo tutoke naye baharini."

"Nani aliingia humu kwanza baada ya mlipuko?"

"Mimi."

"Ulimkuta nani hai?"

"Hakuna. Kulikuwa na mvuke tu." Kellow alikuwa anatazama kucha zake. "Tull walimkuta mabaharia baadaye, nyuma ya lundo la makaa."

"Na chuma?"

"Kilikuwa pale pale. Nikaweka mlinzi mlangoni. Tangu hapo hakuna mkono uliokigusa. Niko tayari kuapa."

"Utaapa. Mchana haupo mbali."

Maslin alichukua taa, akapanda juu ya mabaki kwa magoti. Alikikagua kile chuma kwa karibu, upande huu na upande ule, bila haraka, huku Kellow akikohoa chini. Halafu akakinyanyua kitanzi kwa vidole viwili, akamulika mahali kilipokuwa kimekaa.

"Bwana Kellow, ukiweka sahani mezani, halafu nyumba nzima ikajaa vumbi, ukija kuinua ile sahani chini yake unakuta nini?"

"Sielewi swali."

"Swali la jikoni tu. Unakuta nini?"

"Meza safi," Kellow alisema, kwa sauti ndogo.

"Panda uone."

Kellow hakupanda.

"Basi nitakusomea," Maslin alisema. "Chini ya waya kuna majivu. Yale yale ya kutani, yale yale ya kwenye mabomba, ila hapa yamebanwa yakapasuka. Majivu haya yalirushwa na mlipuko. Kwa hiyo chuma kilikuja baada ya majivu. Mtu alikitundika watu wakiwa wameshakufa."

"Labda kilirushwa na mlipuko kikaangukia hapo."

"Kikajivalisha na kitanzi? Basi huo mlipuko ulikuwa na vidole."

Hapo ndipo Maslin alipoanza kukasirika kweli. Mtu mwongo alikuwa amemzoea, maana ndiyo kazi yake ya kila siku. Kilichomchoma ni kwamba uongo huu ulitengenezwa kwa uvivu, na watu walioutengeneza walikuwa na hakika kwamba hakuna atakayejisumbua kukinyanyua chuma, kwa kuwa anayesingiziwa ni mchochea moto.

Alikaa juu pale, taa mapajani, akawaza kwa sauti.

"Aliyekitundika hakuwa anauzuia mvuke. Mvuke ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Alikuwa anayazuia maswali. Sasa, kama chuma hakikuwepo, vali ilikuwa huru. Kama ilikuwa huru, ilijiinua. Kama ilijiinua, mvuke ulitakiwa utoke uende zake." Alimulika bomba nene lililotoka kwenye vali na kupenya darini. "Hili linakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu tu, Inspekta. Mabomba yote yanakwenda juu." Jasho lilikuwa linamtiririka Kellow shingoni, na chumba kilikuwa na baridi.

"Nisubiri hapa hapa," Maslin alisema. "Ukiondoka nitajua kwa nini umeondoka."

Alilifuata bomba. Lilipita vyumba vya mabaharia, likapita ghala la kamba, likatokeza juani kando ya dohani ya moshi, refu kumshinda mtu kidogo, limepakwa rangi nyeupe tupu. Na sitaha chini yake ilikuwa nyeupe. Mbao zilikuwa zimesuguliwa kwa mawe na mchanga mpaka ungeweza kukandia unga juu yake. Maslin alichuchumaa, akapitisha kiganja. Kilitoka hakina kitu.

"Wewe! Hayo makaa kwenye soli zako!"

Kapteni Augustus Fenwright alikuwa anamjia, glavu nyeupe mikononi, sharubu zimechanwa mpaka masikioni. Nyuma ya Maslin, nyayo nyeusi zilifuatana kutoka kwenye ngazi. Baharia mmoja alikuwa tayari amepiga magoti anazifuta.

"Samahani, Kapteni," Maslin alisema bila kuinuka. "Naiangalia sitaha yako. Safi sana."

"Ndiyo safi kuliko zote katika kikosi hiki. Admirali mwenyewe ameshasema hivyo mara kadhaa."

"Nimezaliwa mji huu. Meli za mvuke nimeziona toka nikiwa na bukta. Kila boila likipumua, bomba hili hutema maji ya kutu, na mbao za chini yake huwa na madoa mekundu. Kila meli ina madoa. Yako haina."

"Watu wangu wanasugua."

"Watu wa meli zote wanasugua, Kapteni."

Maslin alikanyaga ngazi fupi ya dohani, akaufikia mdomo wa bomba. Alipougusa, vidole vilirudi na rangi nyeupe. Bomba zima lilikuwa limekauka isipokuwa kwenye mdomo. Hapo rangi ilikuwa mbichi. Alitoa kisu chake kidogo, akachokonoa. Chini ya rangi kulikuwa na nta, na chini ya nta tundu la bolti, limepenya chuma mpaka ndani. Alizunguka, akakuta la pili, la tatu, la nne. Upande wa ndani vilikuwa vimenasa vijiti vidogo vya mbao nyekundu, vimechanika.

Akageuka. Pembeni mwa sitaha mizinga ilikuwa imepangwa, na kila mdomo wa mzinga ulikuwa na kizibo cha mbao nyekundu chenye taji la shaba, kimeng'arishwa mpaka kinaumiza macho. Ndiyo desturi ya manowari. Mzinga usipopigwa unazibwa, mvua isiingie, na kizibo kinang'arishwa kila siku hata kama hakuna vita mwaka mzima.

"Vizibo vizuri," Maslin alisema. "Na hapa juu kilikuwepo kimoja. Kimekomelewa pande nne ili mvuke usikirushe. Kiliondolewa baada ya mlipuko, matundu yakajazwa nta, yakapakwa rangi. Nani anapaka rangi melini watu wakiwa wanatoka kuzika?"

Kapteni Fenwright alivua glavu moja, kidole kwa kidole.

"Sikiliza, bwana. Mimi ni mwanamaji. Sishiki spana. Sitaha ni yangu, na kilicho chini ya sitaha ni cha Kellow. Kama Kellow ameziba bomba lake, hilo ni bomba lake. Muulize yeye."

"Bomba limetokeza kwenye sitaha yako."

"Nimekwambia muulize yeye."

"Watu kumi na wanne, Kapteni."

"Wachochea moto kumi na watatu na fundi mmoja," Fenwright alisahihisha. "Usinifundishe hesabu ya watu wangu. Wake zao wote nimewaandikia kwa mkono wangu mwenyewe."

Damu ilimpanda Maslin mpaka masikio yakavuma. Alikuwa amewahi kuzungumza na watu waliochinja wenzao kwa shoka, na wengi wao angalau waliangalia chini. Huyu alikuwa anamtazama usoni, mkavu, na jicho moja likiwa kwenye zile nyayo kuona kama zimefutika.

"Mchana unahitajika barazani," Maslin alisema.

"Nina chakula na Admirali."

"Basi ule upesi. Usipofika, mchunguzi wa vifo ataandika hati, na nitakuja kukufuata mimi mwenyewe. Hapa hapa sitahani, mbele ya watu wako wote. Na sitajifuta viatu."

Kellow alikuwa bado amesimama mahali pale pale, mgongo umeegemea ngazi. Maslin alimjia mpaka karibu.

"Amesema ni bomba lako."

"Nani?"

"Mkubwa wako. Amesema yeye hashiki spana. Bomba la Kellow, mzigo wa Kellow. Hata hakufikiri mara mbili. Alikutupa kama ganda la yai."

Kellow akacheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi.

"Lake! Alilichora mwenyewe lile taji. Alimwita seremala mezani kwake akamchorea. Anasema bomba limekaa kama bomba la choo katikati ya sitaha yake, kila tukiwasha moto linamtemea kutu. Nilimwambia sawa, lizibwe tukiwa bandarini, lakini kizibo kitoke kabla ya kuwasha moto. Na kilikuwa kinatoka. Usiku tukipumua, nilikuwa natandaza turubai chini."

"Na siku ile?"

"Siku ile alisema kikae mpaka Admirali amalize kukagua sitaha. Nikamwambia mvuke utapanda, moto umeshakolea. Akaniambia, 'Kellow, si utakuja jioni?'"

"Kuja wapi?"

"Mezani." Kellow alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja jina la mwanamke. "Hujui mambo ya humu, Inspekta. Sisi wa injini tunakula chini, chumba chetu. Wale wa juu wana meza yao. Ukipita mlangoni kwao wananyamaza, wanajifanya wananusa mafuta. Nimevaa sare hii tangu nina nywele nyeusi, sijawahi kukaa kwenye ile meza. Jioni ile ningekaa. Na Admirali. Kapteni alisema nitawekewa kiti mkono wake wa kushoto."

"Kwa hiyo alipokuuliza kama utakuja..."

"Nikamwambia, nitakuja, Kapteni."

"Wachochea moto hawakuona chochote?"

Kellow alifumba macho. "Tull alipanda kuniambia geji ya mvuke imepita alama. Nikamwambia arudi kazini, vali itapumua yenyewe. Akapanda tena. Akasema, 'Injinia, sipendi linavyolia.' Nikamkaripia mbele ya wenzake. Nikamwambia kama anaogopa moto akauze maua."

"Akarudi chini."

"Akarudi."

Maslin aligeuka akaupa uso wake ukuta wa chuma, kwa sababu angeendelea kumtazama angempiga, na ushahidi wa mtu aliyepigwa hauaminiki barazani.

"Chuma?" aliuliza, bado amempa mgongo.

"Kapteni aliniambia, 'Tafuta sababu, Kellow, kabla wengine hawajaitafuta.' Hakusema chuma. Chuma nilikiwaza mimi."

"Na kizibo?"

"Alisema nikitupe majini. Kitu cha mbao! Kingeelea bandari nzima, kila mtu akione na taji lake. Kiko kwenye sanduku langu."

Walikwenda kukitoa. Kilikuwa chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya shati jipya la karamu ambalo bado lilikuwa na pini za fundi. Upande mmoja taji la shaba liling'aa. Upande wa pili mbao ilikuwa imeungua na kuchanika mvuke ulipokuwa unatafuta njia. Maslin alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kiasi cha mkate mkubwa.

"Kapteni hatafungwa," Kellow alisema. "Ujue hilo kabla hujanipeleka. Atasema hakujua. Wenzake watasema alikuwa afisa hodari. Watu kama yule hawafungwi."

"Huenda. Lakini leo ataulizwa mbele ya watu, na wewe utakuwa umeketi mahali anapokuona. Chukua kofia yako."

"Tunakwenda barazani?"

"Tunapitia hospitali kwanza. Daktari anasema Tull huenda asiione jioni. Mtu huyo amelala na jina la muuaji kichwani, na sitaki aende nalo kaburini. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Gatini Maslin alimwita Keziah, akamweleza kwa maneno machache. Keziah hakulia wala hakushukuru. Aliingia mashuani, akakaa uso kwa uso na injinia, na njia yote ya kuvuka hakuondoa macho yake kwake. Kellow alitazama maji, akatazama makasia, akatazama viatu vyake.

Wodi ilinuka mafuta ya kitani na chokaa, dawa ya walioungua. Tull alikuwa amefungwa vitambaa mpaka machoni, mdomo tu ndio uliokuwa wazi, umevimba na kupasuka. Maslin alimwambia konstebo achukue kiti chake atoke nje, hakuna wa kulindwa hapa. Keziah alipiga magoti kando ya kitanda.

"Jabez, mimi Inspekta Maslin. Nimekuja na mtu ana neno na wewe."

Alimsukuma Kellow mbele kwa bega.

"Tull," Kellow alianza, akasita. "Tull, kile chuma hukukitundika wewe. Nilikitundika mimi, baadaye. Boila halikuweza kupumua kwa sababu bomba lilizibwa juu, kwa amri ya Kapteni, na mimi nilijua. Wewe ulikuja kuniambia na mimi nikakurudisha. Nitaapa hivyo mchana huu. Huna hatia yoyote."

Keziah aliangusha uso kwenye blanketi, na sasa akalia, kwa sauti, bila kujali wagonjwa wengine.

"Injinia," Tull alisema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayosuguliwa.

"Naam, Tull."

"Kwa hiyo ulikuwa wewe kweli. Daktari ameniambia niliota."

"Uliota nini, Jabez?" Maslin aliuliza.

"Kuna mtu aliingia, baada ya kupasuka. Sikumwona, macho yalikuwa yameshakwenda. Coker alikuwa bado analia upande wa pili. Nikasikia chuma kinagonga kule juu, kwenye vali. Nikasema moyoni, afadhali, wamekuja kutuokoa." Alipumzika. "Akashuka, akapita kwangu. Nikamshika mguu. Nikamwomba maji."

Maslin aligeuza kichwa taratibu kumtazama Kellow. Uso wa injinia ulikuwa umebaki mweupe kama chokaa ya ukuta.

"Ulisema hukumkuta mtu hai," Maslin alisema.

"Alisimama," Tull aliendelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu aliyeshindana na watu kuhusu jambo na sasa limethibitika. "Alisimama kidogo. Halafu akanibandua vidole. Kimoja kimoja, polepole, kama mtu asiyetaka kuniumiza."

Keziah aliinua kichwa.

"Tull, mimi..." Kellow alisema.

"Nyamaza," Maslin alimwambia. "Hilo nalo utalisema barazani, mbele ya mke wa Coker, kwa maneno hayo hayo. Ukilisahau, nitalisema mimi."

Keziah alikuwa ameshasimama. Alichukua jagi kwenye meza ya kitandani, akamimina maji kikombeni mpaka yakafurika mkononi mwake, akampa injinia mgongo, akaanza kumnywesha mume wake.